Mgongo wa Uta

Baba yangu hakuwahi kuuita uta "uta" kabla haujarusha mshale mbele ya watu. Kabla ya hapo ulikuwa ukuni. Angekata mti, akauanika miezi miwili, akaukwangua, akaupaka mafuta, akaufunga upote wake, yaani ile kamba ya kuvutia mshale, na bado ukimwuliza anafanya nini angekujibu kwamba anachonga ukuni. Mteja angekuja akauvuta, akausifu, akautia begani, na baba angemwambia autunze ukuni wake usinyeshewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa mtu asiyejisifu kabla ya wakati, na kwamba tabia hiyo mimi sikuirithi hata kidogo.

Ukuni una faida moja: mtu yeyote anaweza kuuruka. Uta haurukwi. Ukilazwa chini, hata kama umeziba njia nzima, mwenye adabu huuzunguka, na akiuruka kwa bahati mbaya lazima aruke tena kurudi alikotoka ili kulifuta kosa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kwetu. Niliuruka uta wa baba nikiwa na miaka saba, nikimkimbiza kuku. Alinirudisha nikaruka tena huku nikilia, na wiki ile alipokosa shabaha mara mbili alisema ni miguu yangu. Aliendelea kuisingizia miguu yangu kwa miaka arubaini, kila alipokosa kitu chochote, hata basi.

Sisi ni Wagiriama wa upande wa Marafa, na nyumbani uta huitwa uha. Mimi nimeishi Malindi mjini muda mrefu, Kiswahili kimenikaa mdomoni, ndiyo maana naandika uta. Lakini neno nililolitaka kwa baba lilikuwa lile la nyumbani. Nilitaka achukue kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, akiite uha.

Kazi yangu ni useremala. Natengeneza vitanda, milango na makabati, nina karakana yangu na meza yangu ya kazi, na bado wateja wapya hunikuta na randa mkononi wakaniuliza fundi yuko wapi. Siku nikiwa na hasira huwaambia ametoka. Baba alijivunia karakana hiyo kwa watu wengine. Kwangu mimi alisema tu kwamba kabati ni kazi ya mtu asiyetaka mti wake utikisike.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukawa mzigo wa kubebwa na mguu wa kushoto ukawa wa kuburutwa. Ulimi haukuguswa, tena nadhani ulipewa nguvu zote zilizotoka kwenye ule mkono. Uta wake ulibaki umeangikwa jikoni bila mtu wa kuupaka mafuta, na siku baba mdogo alipouteremsha, vumbi jeupe lilimmwagikia mabegani. Wadudu walikuwa wameula ndani kwa ndani. Mama aliutia mekoni, na baba aliugeuza uso upande wa redio.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Kila mwaka baada ya mavuno ya mahindi, nyumba za upande wetu zenye desturi ya uta hukutana kwenye uwanja wa shule kulenga shabaha. Kuwinda kulipigwa marufuku zamani, kwa hiyo windo letu ni shina la mgomba. Masharti ni machache: uta uwe umechongwa kwa mkono na mtu wa nyumba hiyo aliye hai, na anayerusha awe wa nyumba hiyo hiyo. Kila nyumba huitwa kwa jina la babu yake, mbele ya watu wote. Nyumba ikikosa kuitikia miaka miwili mfululizo, haiitwi tena. Sisi tulikuwa tumekosa mwaka mmoja.

Baba mdogo, ambaye ana nyumba yake na uta wake na ndiye msimamizi wa shughuli hiyo, alikuja Jumapili moja kutuambia amepata njia ya kumtunzia kaka yake heshima. Mwaka huu baba angekuwa mgeni wa heshima. Angewekewa kiti kivulini, angeletewa soda, na jina la babu lingetajwa mara ya mwisho kwa shukrani. Alilisema kwa upole, na nadhani kweli alikusudia wema.

"Mgeni wa heshima," baba alisema, "ni maiti anayekunywa soda."

Nilikuwa nimekuja kuwajulia hali tu, nina kikombe cha chai mkononi. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba uta nitauchonga mimi, na nitaurusha mimi. Sharti lilisema mtu wa nyumba. Halikusema mwanamume, kwa sababu walioliweka haikuwahi kuwapitikia kwamba kuna haja ya kusema. Baba mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akaniuliza kama uta wangu utakuwa na droo. Baba hakucheka, wala hakunitetea. Alisema nikiwa na ukuni nimletee auone.

Nilirudi Malindi nimevimba kichwa. Katika karakana nilikuwa na ubao wa mbambakofi niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya mlango wa maana. Nikaupasua, nikaupiga randa, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kushikika, pande zake mbili zimelingana kiasi kwamba ukiugeuza huwezi kujua ipi ya juu na ipi ya chini. Niliupeleka Marafa kwa bodaboda, nimeufunga kwa kanga. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni pa jikoni. Niliulaza mbele yake. Aliutazama, akainuka kwa fimbo, akauruka akienda, akauruka akirudi, mguu mbovu ukiupiga teke kidogo, akaketi.

"Mguu wa kabati," alisema.

Niliumia, nisidanganye. Lakini siku ile ndiyo aliyoanza kunifundisha, kwa sababu alikuwa hawezi kuvumilia kuona ujinga ule ukikaa uwanjani kwake. Uta haupasuliwi kwenye ubao, aliniambia. Unatoka kwenye mti mmoja mwembamba, mzima, kama ulivyoota. Mti wenyewe ni mkone, ule ambao sote tulikata fimbo zake utotoni, na mimi nilikuwa nimepasua ubao wa mlango nikidhani uta unataka mti wenye jina la kifahari.

Yeye hawezi kwenda porini, kwa hiyo nilimpeleka kwa simu. Kule mtandao hupatikana ukisimama juu ya kichuguu, basi nilikuwa naona mkone mzuri, nakimbia kichuguuni, nampigia kwa video, namwonyesha kutoka mbali huku nikinyoosha mkono. Nusu ya muda nilichokiona kwenye kioo cha simu kilikuwa sikio lake, maana aliiweka simu pale anapoiweka siku zote. Aliikataa mikone kumi na mmoja. Huu una fundo, huu umesongwa na mmea unaotambaa, huu umekulia kivulini hauna nguvu, huu unausifu kwa sababu umechoka. Mwishowe alikubali miwili, minene kiasi cha kifundo cha mkono wangu. Aliniambia nitie alama ncha iliyokuwa ikitazama juu, kwa sababu mti uliozoea kusimama hivi hautaki kusimamishwa kichwa chini. Niliikata kwa panga, nikaibeba begani, na jioni ikapanda kwenye uchaga juu ya meko ya mama, moshi uikaushe taratibu.

Miezi miwili nilikuwa na kazi ya kupiga simu nyumbani kuuliza hali ya miti. Mama alichoka. Siku moja alinijibu kwamba miti haijambo, inasalimia, na yeye pia hajambo kama kuna anayetaka kujua.

Ilipokauka nilichukua mmoja nikaupeleka karakana, kwenye meza yangu na vifaa vyangu. Maagizo ya baba yalikuwa mafupi. Toa maganda. Kwangua tumbo, kidogo kidogo, mpaka ukubali kupinda. Mgongo usiuguse. Alilirudia hilo la mwisho hadi nikamwambia nimesikia, mimi si mtoto.

Sasa naomba msomaji anielewe. Kwetu sisi maseremala ubao una uso na una mgongo. Uso ni upande utakaoonekana na watu, ndio unaoupendezesha. Mgongo ni upande utakaotazama ukuta, huo hata ukibaki na alama za msumeno hakuna atakayejua. Nikaushika ule mti kama mtu anayetaka kurusha mshale. Upande ulioelekea mbele, kwenye shabaha, ambao kila mtu ataukuta kwa macho, nikasema huu ndio uso. Upande unaonielekea mimi, uliofichika, nikasema huu ndio mgongo. Basi mgongo niliuheshimu kabisa, sikuupitisha hata ukucha. Kazi yote niliifanya upande wa nje. Niliukwangua, nikaunyoosha palipojikunja, nikaupiga randa ndogo kwa siku tatu kila nilipomaliza kazi za watu. Ulipendeza sana. Niliupiga picha nikawatumia wateja.

Nilifika nyumbani nimeshaufunga upote wa nailoni, nataka kumshtua baba. Nikasimama mbele yake, nikavuta. Kwanza nilisikia mlio mdogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Ubanzi mrefu uliinuka upande wa nje, mbele ya macho yangu, kisha uta wote ukakatika katikati na kipande kikanipiga kidevuni. Damu ilinichirizika hadi kwenye kanga. Mama alikimbia na maji. Mimi nilikuwa na hasira hata maumivu sikuyasikia. Nilimwambia baba kwamba maagizo yake ni mabovu, kwamba hajawahi kutaka nifaulu, kwamba angependa jina la babu lizikwe kuliko kuliona mikononi mwa mwanamke. Yote hayo niliyasema kwa sauti, na majirani wana masikio.

"Nilikwambia usiguse mgongo," alisema.

Nikamwambia sikuugusa. Aliomba vipande. Alivipapasa kwa kidole gumba cha mkono wake mzima, mbele na nyuma, kisha akaniambia nimwonyeshe mgongo uko wapi. Nikamwonyesha. Nilitazamia tusi. Badala yake aliiegemeza fimbo ukutani, akainuka bila kushika kitu, akainama mbele kama mtu aliyeshika jembe.

"Mtu akiinama kulima, mayo," alisema, uso wake ukitazama mchanga, "mgongo wake uko wapi?"

Mayo ni mama. Baba huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Nilimtazama pale alipoinama. Mgongo wake ulikuwa juu, umetazama mbingu, fulana imevutika juu ya mifupa, ngozi imenyooka hadi mwisho wake. Na tumbo lake lilikuwa ndani, limejikunja. Uta ukivutwa unainama hivyo hivyo. Upande wa nje ndio unaonyooka na kubeba mzigo wote, ndio mgongo, na nyuzi zake zikikatwa zinainuka moja moja mpaka mti unavunjika. Upande wa ndani ndio tumbo, na tumbo unaweza kulipunguza. Mimi nilikuwa nimeusoma uta kama kitu kilichosimama kinangoja kuwekwa ukutani. Baba aliusoma ukiwa kazini.

Niliona haya. Nilitaka kuomba radhi lakini yeye alikuwa na haja ya haraka zaidi, maana alikuwa ameinama na hawezi kuinuka. Tulimnyanyua mimi na mama, kila mtu upande wake, na alipokaa alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Mimi nilicheka huku nikilia, damu ikaanza upya.

Ulibaki mti mmoja na siku ishirini na tatu kabla ya siku ya shabaha. Niliifunga karakana. Mwenye kitanda alipiga simu, nikamwambia nimefiwa na mti. Nilihamia nyumbani na kisu, panga dogo na chupa iliyovunjika, kwa sababu randa baba aliipiga marufuku. Vigae vya chupa vinakwangua nyembamba kama karatasi, na huwezi kuvilazimisha viende mbio. Maganda yalipotoka nilikuta mgongo wa mti ule haukunyooka. Karibu na ncha ya juu ulipinda kidogo kukwepa fundo la zamani, kisha ukarudi. Mkono uliniwasha. Miaka yote hiyo nimelipwa kwa kunyoosha vitu. Niliuacha ulivyo, nikashughulika na tumbo peke yake.

Kila baada ya kukwangua kidogo, nilikuwa naulaza mti juu ya vigingi viwili kwenye nguzo ya jikoni, naufunga kamba, naivuta kuelekea chini, na baba anautazama akiwa kitini. Palipokuwa pagumu hapapindi alielekeza fimbo na kusema pale panalala. Nami napaamsha, mikwaruzo minne, mitano, tunaufunga tena. Siku nyingine alisema panalala mahali ambapo mimi sikuona tofauti yoyote, nikabisha, nikakwangua kwa kisirani, na uta ukapinda vizuri zaidi. Nilianza kuona alichokuwa anaona siku ya tisa. Siku ya kumi niliwahi kusema mimi kabla yake kwamba pale panalala, na yeye akaishusha fimbo, akaongeza sauti ya redio. Niliichukua hiyo kama cheti.

Upote nilitaka kuufanya wa nailoni tena. Alikataa. Nikaenda Malindi kwa muuza nyama, nikamwomba kano ndefu za mgongoni mwa ng'ombe, akaniuliza ni supu gani hiyo. Tulizikausha, mama akazipondaponda kwa jiwe, tukazichambua nyuzi nyuzi. Kusokota upote kunahitaji watu wawili wanaokwenda kwa kasi moja. Sisi tulikuwa wawili wenye mikono mitatu. Baba alishika mwisho mmoja kwa meno, akaubana mwingine kwa mkono wa kulia, mimi nikasokota, na hakuweza kunisema neno kwa saa nzima kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Ile ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa na furaha na nilijua nina furaha.

Nikausugua uta kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza ulimi wa mbuzi, nikaupaka mafuta ya mbarika mpaka ukakataa kunywa zaidi. Mishale ilikuwa ya baba, ya zamani, iliyokaa kwenye podo lake la ngozi bila kazi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mgomba uliokwisha kuzaa, huo ndio uliovumilia mafunzo yangu. Vidole vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, mkono wa kushoto ukachubuliwa na upote mpaka nikaufunga kitambaa. Mshale wa kwanza ulipozama kwenye mgomba hadi katikati, nilimgeukia baba. Alikuwa amesimama, ameshika fimbo kwa nguvu.

"Ukuni unakwenda," alisema, akaingia ndani.

Siku ya shabaha ilikuwa na upepo kidogo na watu wengi. Walikuwapo hata watalii wawili waliotoka kutazama korongo la Marafa, wakapitishwa na dereva wao. Nyumba tisa zilikuja na nyuta. Kiti cha mgeni wa heshima kiliwekwa kivulini na soda juu yake, na baba alikipita akaenda kuketi kwenye kiti chake cha plastiki ambacho mimi nilikuwa nimekibeba kwenye bodaboda. Soda aliichukua.

Baba mdogo aliita majina ya nyumba moja moja. Alipofika letu alisita, kisha akaliita jina la babu yangu kwa sauti ile ile aliyowaitia wengine, na kwa hilo namshukuru. Nikasimama. Mzee mmoja karibu na kamba iliyozuia watu aliuliza mrushaji yuko wapi. Nilikuwa na jibu langu la karakana tayari ulimini, lakini palitokea manung'uniko, mmoja akisema mwanamke akiolewa ni wa nyumba nyingine, mwingine akisema desturi haijaona jambo hili. Baba hakuinuka.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Nani atasema mama yangu si wa nyumba yangu?"

Watu waliangua kicheko, na aliyeanza manung'uniko akacheka pia, kwa sababu kila mtu pale alijua nina jina la nani. Nikaingia mstarini.

Hatua thelathini, mishale mitatu, ukigonga hata mmoja unaendelea. Mshale wangu wa kwanza ulipita juu ya shina la mgomba ukaenda zake kwenye mihogo ya watu. Nilisikia watu wakiguna, na nyuma yangu nikasikia sauti ya baba akiwaeleza jirani zake kwamba huyu aliruka uta akiwa na miaka saba. Hasira ilinipanda hadi masikioni, na hasira ile ndiyo iliyoniponya, kwa maana niliacha kuogopa. Wa pili uliparua ubavu wa shina. Wa tatu ulisimama katikati. Hatua arubaini niligonga kwa mshale wa pili. Nyumba zilipungua, zikawa nne, zikawa mbili. Katika hatua sitini tulibaki mimi na baba mdogo.

Yeye alitangulia. Analenga vizuri kuliko mimi, nalisema wazi, mkono wake hautikisiki. Lakini uta wake ni wa siku nyingi, umevutwa sana, umechoka. Mishale yake mitatu ilikwenda imenyooka kabisa na yote ikaanguka chini hatua mbili kabla ya shina. Nikashika zamu yangu. Niliuvuta uta mpaka nikausikia mgongo wake ukinyooka, mgongo mzima, pamoja na pale palipokwepa fundo, na wala haukulia. Mshale wa kwanza ulizidi ukachimba udongo nyuma. Nilishusha mkono upana wa kidole, nikaachia. Ule ulizama kwenye shina la mgomba chini kidogo ya kiuno, na ilibidi wanaume wawili washike shina ndipo wa tatu auchomoe.

Nilipiga kelele. Mtu mzima, fundi mwenye karakana, nilirukaruka uwanjani na kanga ikanidondoka, na mama alikuwa anapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Baba mdogo alinijia akanyoosha mikono, nikampa uta. Aliugeuza, akaupapasa mgongo, akaupapasa tumbo, akautazama kila upande kwa makini kama anayetafuta kitu.

"Kweli hauna droo," alisema, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa anamalizia soda yake. Nilimpelekea uta, akaugusa upote kwa kidole, akasema umelegea kidogo, tukifika nyumbani nikaze. Hakuuita jina lolote. Nilijiambia inatosha, jina la babu limeitwa na limeitikiwa, mwakani litaitwa tena, mtu asiwe mlafi. Nilijiambia hivyo njia nzima kwenye bodaboda, zawadi yangu ya ushindi, jogoo mwekundu, akininyea kwenye kanga.

Tulifika jua lingali juu. Mama alimpokea jogoo. Niliulaza uta mchangani mbele ya mlango wa jikoni nikaenda kunawa mikono, bila kufikiri, na ukawa umeziba njia yote kati ya ukuta na rundo la kuni. Nilipogeuka, baba mdogo, aliyetusindikiza nyumbani, alikuwa anaingia uani amebeba kiti cha plastiki mbele ya uso, na baba nyuma yake akija na fimbo, mguu unaburutika. Kiti kilimziba baba mdogo macho. Alikuwa amekwisha kuinua mguu.

"Zunguka," baba alimwambia. "Huo ni uha."

Baba mdogo aliurudisha mguu chini, akashusha kiti, akautazama uta, kisha akazunguka upande wa pili wa rundo la kuni. Mimi nilisimama na maji yakinichuruzika viganjani. Kwa baba, kuuruka kungekuwa hatua moja tu na mlango ungekuwa mbele yake. Kuuzunguka kulikuwa hatua kumi na tano za fimbo kwenye mchanga laini, na alikuwa amechoka kutwa nzima. Alizunguka. Mguu wake mbovu ulichora mstari mchangani kupita mbali na uta wangu, kutoka ncha ya chini hadi ncha ya juu, na siku ile sikumruhusu mtu yeyote kuufagia uwanja.